Tundu la Dagaa, Tanga mpaka Ukunda

Wanaoniuliza kuhusu lile tundu la paka wamekuwa wengi, hasa wenye ndugu upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo naandika mara moja yote ninayoyajua. Ninalo tangu Januari. Limepita Horohoro na Lungalunga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, ndani ya gari, katika joto la Februari, na paka wangu Dagaa, wa kilo nne na robo, yumo.

Ni tundu la plastiki ngumu, kijivu juu, jeupe chini. Urefu sentimita 48, upana 32, kimo 31. Mbele lina mlango wa waya wenye makomeo mawili, moja juu na moja chini, yanayoingia kwenye vitundu vya fremu. Juu lina kifuniko cha pili kinachofunguka kwa kubonyeza vidole viwili. Nusu ya juu na nusu ya chini zimeshikana kwa vibanio vinane vya plastiki. Matundu ya hewa yapo pande zote nne, na hilo liangalieni kabla ya kitu kingine, maana nimeona mengine yana hewa mlangoni tu.

Bei ilikuwa shilingi 85,000 za Tanzania, kutoka duka moja la Kariakoo, niliagiza kwa simu likaja Tanga kwa basi. Kwa duka lenyewe sina sifa za kutoa. Mimi ni fundi cherehani, vipimo ndiyo kazi yangu; nilimlaza paka mezani nikampima kwa futi kamba, kutoka puani mpaka shina la mkia, kisha kimo akiwa amekaa, nikawatumia na picha. Wakaniletea la sentimita 40. Dagaa akiingiza kichwa, kiuno kinabaki nje. Nauli ya kulirudisha nikalipa mimi, elfu kumi, na hili la sasa likaja baada ya siku tisa. Siku tisa ni nyingi sana kwa mtu anayehesabu siku za chanjo, nami nilikuwa nazihesabu.

Dagaa nilimwokota Deep Sea, Tanga, miaka mitano iliyopita, asubuhi, madau yanashusha samaki. Alikuwa mwembamba kuliko jina nililompa. Tangu siku ile analala chini ya cherehani yangu, Ngamiani, juu ya vipande vya vitenge. Mwaka jana mwishoni mwanangu wa kike, aliyeolewa Ukunda, pwani ya Kenya, akaniambia ana mimba na anataka nikakae naye mwaka mzima. Nikamjibu nitakuja, lakini nitakuja na Dagaa. Hakushangaa. Mkwe wangu ndiye aliyeuliza kwani huko hakuna paka. Wapo, tena wengi, lakini si huyu.

Sasa kwanza niseme jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema: nunua tundu siku ileile unayompeleka paka chanjo. Usingoje wiki ya safari.

Sababu ni hii. Ili mnyama aingie Kenya anatakiwa awe na kibali cha kuingizwa nchini, kinachotolewa na wakuu wa tiba ya mifugo wa serikali, wenye makao yao Kabete, Nairobi. Mwanangu alikiombea mtandaoni akiwa Ukunda. Sharti kubwa kwa paka na mbwa ni chanjo ya kichaa cha mbwa: iwe imetimiza siku 30, na isiwe imepita mwaka. Wengi kwetu wakisikia jina hilo hudhani paka hahusiki. Anahusika. Ugonjwa ule unampata mnyama yeyote wa jamii inayonyonyesha watoto, akiwamo binadamu, kwa mate ya aliyeugua yakiingia kwenye jeraha, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Chanjo nayo haifanyi kazi siku hiyohiyo. Mwili unahitaji wiki kadhaa kujenga kinga. Ndiyo maana ya zile siku 30, na baada ya daktari kunieleza sikuona tena kuwa ni usumbufu wa bure.

Dagaa alichanjwa tarehe 8 Januari. Kabla ya sindano daktari akamwekea chipu, kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, chini ya ngozi kati ya mabega, chenye namba ya tarakimu 15. Akasisitiza itangulie chipu ndipo chanjo, ili namba iandikwe kwenye cheti na cheti kiwe cha paka huyu na si cha paka yeyote mweusi mwenye soksi nyeupe. Baadaye, siku chache kabla ya kuondoka, ndipo daktari wa mifugo wa serikali akampima na kuandika cheti cha afya, na kibali cha kumtoa nje ya nchi kikaombwa Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Daktari huyo wa serikali namshukuru hadi leo. Alimshika Dagaa kama anashika mtoto mchanga, akamtazama macho, masikio, ufizi, akapima joto, akaandika taratibu kwa mwandiko unaosomeka. Cheti kisichosomeka ni kazi bure, mama, aliniambia.

Kwa hiyo una mwezi mzima mikononi mwako ambao huwezi kusafiri. Mwezi huo ndio wa tundu.

Tundu lilipofika nilitenganisha zile nusu mbili, nikaweka ya chini peke yake chini ya cherehani, juu yake kanga niliyoivaa siku mbili bila kuifua. Sikumlazimisha. Siku ya kwanza alilinusa akaondoka. Ya pili akalala pembeni yake. Ya nne nilipoinua macho kwenye pindo nililokuwa nashona, yumo, amejikunja. Nikaanza kumpa chakula humo. Baada ya wiki nikarudisha nusu ya juu, bila mlango. Kisha mlango ukiwa wazi. Kisha nikaufunga kwa dakika moja, dakika tano, muda wa kumaliza mkono mmoja wa dera. Wiki ya mwisho mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye aliyetuendesha, akaja na gari tukamzungusha mpaka Raskazone na kurudi, mara mbili. Mara ya kwanza alilia njia nzima. Mara ya pili alilia mpaka Chumbageni, akanyamaza.

Nilipata ushauri mwingi mwezi ule, na baadhi ni wa hatari. Jirani alinipa tenga la kuku kwa moyo mwema, na kweli tenga lina hewa kuliko tundu lolote la dukani. Lakini paka si kuku. Akiogopa anapenyeza kichwa kwenye nafasi za fito, na kichwa kikipita mwili wote umepita. Mwingine akasema kiroba kilichotobolewa. Katika joto la pwani kiroba ni kumpika. Na watu watatu, watatu kabisa, waliniambia nimpe Panadol asinzie. Nawaomba sana msifanye hivyo. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa ile, kidonge kimoja kinaweza kumuua. Nilipomuuliza daktari kuhusu dawa ya usingizi alisema paka aliyezoea tundu, mwenye afya, kwa safari isiyofika kilomita 150, haihitaji, na aliyelewa dawa hawezi kuhimili joto vizuri. Hakumpa. Alichosema ni asile kuanzia usiku wa manane, maji kidogo asubuhi basi.

Tuliondoka Jumanne baada ya sala ya alfajiri. Siku ya kazi niliichagua kwa makusudi, nimkute ofisa wa mifugo mpakani, na saa ile niliichagua kwa ajili ya joto.

Hapo ndipo tundu likaonyesha kasoro yake kubwa. Tulikuwa tumeliweka kiti cha nyuma, mkanda wa gari umepitishwa kwenye mpini. Karibu na Amboni kuna tuta, gari likaruka kidogo, tundu likainama mbele, na Dagaa kwa hofu akausukuma mlango kwa bega. Komeo la chini likachomoka. Nililiona kwa macho yangu: kichuma chembamba, kimeingia kwenye fremu kiasi cha nusu ya ukucha tu, na fremu yenyewe ni plastiki inayopinda. Mlango ukabaki umeshikwa na komeo la juu, pembe ya chini imefunguka upana wa mkono wangu. Tayari mguu mmoja wenye soksi nyeupe uko nje. Nikaweka kiganja pale nikamwambia mwanetu asimame.

“Shangazi, usimtoe,” akasema, na alikuwa sahihi. Tulipandisha vioo kwanza. Nilikuwa na mkasi, sindano na uzi, kama kawaida yangu, lakini kilichotusaidia ni vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya, ambavyo yeye huwa navyo kwenye gari. Tukafunga viwili upande wa komeo, kimoja juu kimoja chini. Mlango wa mbele tangu hapo haukufunguka mpaka Ukunda.

Tukabadilisha na mahali pa tundu. Kiti kinainama, na mkanda kwenye mpini unalizuia tundu lisianguke lakini hauzuii lisiyumbe. Tukalishusha sakafuni, nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, tukakisogeza kile kiti nyuma mpaka kikalibana. Likatulia kama limepigiliwa. Nikafunika nusu kwa kanga, upande wa mlango nikauacha wazi kwa hewa. Nilikaa pembeni yake, vidole vyangu kwenye waya. Aliacha kulia kabla hatujafika Maforoni.

Mpakani. Kituo ni cha pamoja, yaani maofisa wa nchi mbili wako jengo moja, na taratibu zote za kutoka na kuingia unazifanya upande wa nchi unayokwenda. Ukitoka Tanga unapita Horohoro unakwenda kusimama Lungalunga. Pasipoti zikagongwa, karatasi za gari zikaangaliwa pamoja na ile Kadi ya Njano, yaani bima ya gari ya COMESA ya kuvukia mpaka, ambayo mwanetu alikuwa ameshaikata Tanga. Kisha zamu ya Dagaa. Nilikuwa na faili moja, na kila karatasi ina nakala mbili: kibali cha Kenya, kibali cha kutoka, cheti cha afya, cheti cha chanjo chenye namba ya chipu. Picha yake pia niliibandika nyuma ya faili, ingawa hakuna aliyeiomba.

Ofisa wa mifugo alikuja na mashine ya kusomea chipu, akasema anataka kumwona mnyama. Hapa nalisifu tundu kwa moyo wote. Nje palikuwa na malori yamewasha injini, bodaboda, wabadilisha fedha, honi. Kama lingekuwa tundu la mlango mmoja wa mbele ningelazimika kumvuta kwa nguvu, na paka anayevutwa kutoka pangoni anakuja na kucha zote. Tulipeleka tundu chumbani, mlango wa chumba ukafungwa, nikabonyeza kile kifuniko cha juu, kikafunguka taratibu bila kelele. Dagaa akatazama juu, hakusimama. Ofisa akapitisha mashine mgongoni, ikalia mara moja, akasoma tarakimu nne za mwisho kwa sauti nami nikamfuatia kwenye cheti kwa kidole. Zikalingana. Akamkuna kidevuni, akasema, “Mama, huyu amezoea safari kuliko wenye mabasi.” Nikafunga kifuniko. Kumwangalia paka mwenyewe hakukuchukua dakika tano.

Hata hivyo nilikuwa nimemvalisha mkanda wa kifuani wenye kamba, na kamba nimeizungusha kwenye kifundo cha mkono wangu kabla ya kugusa kifuniko. Nawashauri mfanye vivyo hivyo hata kama paka wenu ni mpole kama godoro. Paka akichoropoka pale hamtampata tena. Hajui harufu hata moja ya mahali pale, ataingia chini ya lori la kwanza.

Kutoka Lungalunga jua lilikuwa limeshapanda. Tulifungua kiyoyozi lakini si moja kwa moja kwenye tundu. Nilikuwa namtazama mdomo. Mbwa akihema mdomo wazi anapoza mwili, ni kawaida yake, lakini paka akihema mdomo wazi amezidiwa, na hapo unasimama kivulini na kumpa maji. Mwanetu alitaka kusimama Msambweni anunue madafu. Nikamwambia nenda, mimi nabaki na gari likiwa linaunguruma. Gari lililofungwa vioo juani ni tanuri kwa dakika chache tu, na simwachi ndani peke yake hata kwa jambo la kulipia dafu.

Hapohapo Msambweni Dagaa akakojoa. Na hapa tundu limepata alama ya kati. Sakafu yake ina mifereji inayokusanya maji pembeni, paka asilowe, wazo zuri, lakini mifereji ni mifupi mno. Kanga ililowa, na yeye upande mmoja. Ningetandika pedi ya watoto chini ya kanga tangu Tanga lingekuwa jambo dogo. Kwa usafi wake sina neno: tulipofika Ukunda nilifungua vile vibanio, nikaziosha nusu mbili kwa sabuni uani, zikakauka kabla ya adhuhuri, na harufu haikubaki.

Vibanio navyo niviseme. Katika vinane, kimoja kilivunjika wiki ya pili, nyumbani, bila kuanguka wala kupigwa. Niliwaandikia dukani wakasema hawauzi vipuri. Nafasi yake nimetoboa matundu mawili kwa msumari wa moto nikafunga kwa uzi wa nailoni wa kushonea mikoba, na pale sasa ndipo penye nguvu kuliko kote. Komeo la mlango nimelitengeneza pia: fundi wa baiskeli hapa Ukunda alikata kipande cha spoku, akakikunja, akaniwekea kichuma kirefu zaidi kinachopita fremu yote na kutokeza upande wa pili. Alichukua shilingi mia ya Kenya. Kwa tundu la elfu themanini na tano, kazi hiyo ilipaswa kufanyika kiwandani.

Mpini ni mzuri, haujalegea, lakini usimbebe kwa mpini peke yake kwa umbali, maana umekaa kwenye kifuniko cha juu na uzito wote unakivuta kile kifungio cha vidole viwili. Mimi hubeba kwa mpini mkono mmoja, wa pili chini.

Nikiambiwa nitoe nyota natoa tatu kama lilivyotoka dukani, na nne na nusu kama lilivyo leo baada ya spoku na uzi. Kifuniko cha juu ndicho kinachonifanya nisilijutie. Kama unanunua la kampuni nyingine yoyote, usilichukue lisilofunguka juu, na dukani palepale weka kidole ndani ya mlango usukume kwa nguvu upande wa chini. Komeo likicheza, liache.

Mjukuu amezaliwa salama mwezi wa Aprili. Mchanga wa choo cha paka nilikuwa naumwaga mimi tangu siku ya kwanza, kwa sababu daktari wa kliniki alimwonya mwanangu kuwa kuna kimelea humo kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na mpaka sasa kazi hiyo imebaki yangu. Dagaa amepata dirisha linalotazama mwembe.

Jirani yetu hapa ana dada yake Tanga, naye ana paka wawili, ameniomba tundu mwezi ujao aende nalo mmoja mmoja. Nimemkubalia, na nimempa na vikamba vya nyaya. Nimemwambia tu lirudi kabla ya Desemba kwisha: chanjo ya Dagaa inakwisha tarehe 8 Januari, na kwa daktari hatuendi kwa kiroba.